Jinsi ya Kuiwezesha Blogu ya Kiswahili Kuonekana Kwenye Google, Hatua kwa Hatua

Mkulima anapoandika "jinsi ya kulima vitunguu maji" kwenye simu yake, Google haianzi wakati huo kuzunguka mtandaoni ikitafuta jibu. Hupekua faharasa yake, yaani hazina ya kurasa ambazo roboti yake iitwayo Googlebot imekwisha kuzitembelea na kuzisoma, kisha huchagua zile inazoona zinajibu swali hilo na kuzipanga kwa mfuatano. Kwa hiyo kila makala ya blogu hupita ngazi tatu: kwanza roboti iifikie, pili iingizwe katika faharasa, tatu ishindanie nafasi na makala nyingine. Anayetaka blogu yake ionekane hana budi kujua imekwama kwenye ngazi ipi, kwa sababu tiba ya kila ngazi ni tofauti, na mtu anaweza kupoteza miezi akirekebisha vichwa vya makala ambazo Google haijawahi kuziona.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye blogu ya Kiswahili inayotumia Blogger au WordPress, asiye mtaalamu wa programu za kompyuta wala mwenye fungu la kulipia matangazo. Mfano nitakaoutumia kote ni blogu ya kilimo cha vitunguu, zao ambalo wakulima wa Mang'ola kandokando ya Ziwa Eyasi na wa Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa wanalijua kwa undani, na ambalo maswali yake hujirudia kila msimu. Hatua zenyewe zinafaa vilevile kwa blogu ya mapishi, ya afya au ya sheria. Ninachokiamini, na ndicho kinachoziunganisha hatua zote, ni kwamba maarifa yamejaa kwa watu wanaozungumza Kiswahili, ila kurasa zinazojibu swali kikamilifu, kwa maneno ambayo muulizaji mwenyewe angeyatumia, bado ni chache. Mwandishi anayeziba pengo hilo ana nafasi ambayo mwenzake anayeandika kwa Kiingereza kuhusu jambo lilelile hana.

Hatua ya kwanza: Hakikisha Google inaruhusiwa kuingia

Fungua Google uandike site: na, bila kuacha nafasi, anwani ya blogu yako. Utaonyeshwa kurasa zako zilizomo katika faharasa. Orodha hiyo si hesabu kamili, lakini inatosha kukuonyesha kama upo au haupo. Ikiwa hakuna hata ukurasa mmoja unaotokea, na blogu si ya juzi, anza kutazama mipangilio. Katika WordPress, ndani ya mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati blogu inajengwa ili isionekane kabla haijakamilika, na siku ya kuizindua ni rahisi mno kusahau kuiondoa alama hiyo. Katika Blogger, sehemu ya faragha ya mipangilio ina kitufe kinachoruhusu blogu ionekane kwenye mitambo ya utafutaji, na kinapaswa kuwa kimewashwa.

Kisha fungua anwani ya blogu yako ikifuatiwa na /robots.txt. Faili hilo huziambia roboti mahali zisipotakiwa kupita. Mwenye Blogger atakuta mstari unaozuia /search, naye hushtuka anapoona baadaye kwamba kurasa kadhaa za blogu yake "zimezuiwa". Asishtuke wala asiuguse mstari huo. Kurasa zilizozuiwa hapo ni zile za lebo na za matokeo ya utafutaji wa ndani, ambazo hazina maandishi yake zenyewe bali hurudia vipande vya makala, na makala zenyewe ziko wazi. Jambo la kuzingatia ni tofauti kati ya robots.txt na amri ya noindex: ya kwanza humzuia mgeni asiingie, ya pili humwacha aingie ila humkataza kuorodhesha alichokiona. Ukiziweka zote mbili kwenye ukurasa mmoja, roboti haitaweza kuisoma ile ya pili, na anwani ya ukurasa uliotaka ufichwe inaweza kubaki katika matokeo.

Hakikisha pia kwamba anwani ya blogu inaanza na https, alama ya mawasiliano yaliyolindwa. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba huhesabu usalama huo katika kupanga matokeo, ingawa kwa uzito mdogo, na siku hizi vivinjari humwonya msomaji anapofungua tovuti isiyo nao. Blogger huutoa bila malipo, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hufanya hivyo pia.

Kuhusu jina la kikoa (domain), anwani inayoishia na .co.tz au .co.ke huiambia Google kwamba tovuti inalenga hasa wasomaji wa nchi hiyo. Kwa blogu inayotaja bei za soko la Tanzania, hilo ni jambo jema. Kwa blogu inayotaka kusomwa sawasawa Mombasa, Bujumbura na Muscat, jina linaloishia na .com halifungi mlango wowote. Anwani ya bure ya blogspot.com haikuzuii kuonekana, lakini ukiwa na jina lako mwenyewe unaweza kuhama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine bila kuacha nyuma sifa uliyokwisha kuijenga.

Hatua ya pili: Jiandikishe kwenye Search Console

Search Console ni huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona. Bila hiyo unafanya kazi kwa kubahatisha. Unapojiandikisha utatakiwa kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuweka rekodi ya maandishi (TXT) kwenye mipangilio ya kikoa, ama kwa kubandika mstari wa msimbo kwenye sehemu ya <head> ya ukurasa. Njia ya kikoa ni bora zaidi, kwa kuwa hukusanya pamoja takwimu za anwani zote za tovuti, ziwe na www au zisiwe nayo.

Baada ya hapo wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako zote. Katika Blogger linapatikana kwa kuongeza /sitemap.xml mwishoni mwa anwani. WordPress imekuwa ikilitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwa anwani ya /wp-sitemap.xml, isipokuwa kama umeweka programu-jalizi (plugin) ya utafutaji ambayo hutengeneza la kwake. Ramani haiongezi nafasi ya makala katika matokeo. Kazi yake ni kuisaidia roboti kuzigundua kurasa mapema, hasa kwenye blogu changa ambayo bado haijaunganishwa na tovuti nyingine.

Unapochapisha makala mpya, bandika anwani yake kwenye sehemu ya ukaguzi wa anwani iliyo juu ya Search Console, kisha uombe iorodheshwe. Fanya hivyo mara moja, kwa maana kurudia ombi hakuharakishi chochote.

Ripoti ya kurasa itakuonyesha pia zile ambazo hazijaorodheshwa pamoja na sababu zake, na hapa pana hali mbili ambazo watu huzichanganya. Hali ya kwanza ni ukurasa uliogunduliwa lakini haujatembelewa: Google inajua upo, haijaja kuusoma. Mara nyingi dawa yake ni subira pamoja na viungo vya ndani vinavyoelekea kwenye ukurasa huo. Hali ya pili ni ukurasa uliotembelewa na bado haukuorodheshwa, na hii ni nzito zaidi, kwa sababu roboti imekuja, imesoma, na ikaondoka bila kuuchukua. Makala fupi mno, iliyonakiliwa kutoka gazetini, au inayorudia yale ambayo blogu hiyohiyo imekwisha kuyasema, huishia hapo. Hakuna kitufe cha kuiokoa. Inabidi iandikwe upya au iunganishwe na nyingine.

Tumia dakika chache zaidi kujiandikisha kwenye Bing Webmaster Tools, huduma kama hiyo ya mtambo wa utafutaji wa Bing, ambako unaweza kuhamishia taarifa zako za Search Console moja kwa moja. DuckDuckGo, mtambo mwingine wa utafutaji, nayo hupata sehemu kubwa ya matokeo yake kutoka Bing, kwa hiyo kazi moja hukufikisha mahali pawili.

Hatua ya tatu: Jua maneno ambayo watu huyaandika kweli

Hapa ndipo ningependa mwandishi wa Kiswahili akae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu zana nyingi za kulipia za kuchunguza maneno ya utafutaji zimejengwa kwa ajili ya lugha kubwa za kibiashara, nazo huonyesha takwimu chache au hazionyeshi kabisa kwa maswali ya Kiswahili. Maana ya takwimu kukosekana si kwamba watu hawaulizi. Maana yake ni kwamba itakulazimu kuwasikiliza mwenyewe.

Anza na kisanduku cha Google chenyewe. Andika "kilimo cha vitunguu" bila kubonyeza kitufe cha kutafuta, usome mapendekezo yanayojitokeza, kisha ongeza herufi moja moja mbele yake uone yanavyobadilika. Shuka hadi chini ya matokeo utazame maulizo yanayohusiana. Rudia zoezi hilo kwa kuanza na "jinsi ya", "namna ya", "dalili za", "dawa ya", "bei ya", "faida za" na "gharama za", kwa kuwa maswali mengi ya Kiswahili huanza kwa mojawapo ya vichwa hivyo. Google Trends nayo inaweza kukuonyesha ni miezi gani neno hutafutwa zaidi, na katika kilimo hilo ni muhimu sana: makala ya kuandaa kitalu inapaswa kuwa mtandaoni wiki nyingi kabla ya msimu, ili iwe imekwisha kuorodheshwa wakulima watakapoanza kuuliza.

Halafu sikiliza watu. Mtaalamu wa kilimo huandika "ekari moja", na mkulima wa Tanzania mara nyingi husema "heka moja" akimaanisha eneo hilohilo. Mtaalamu huandika "vitunguu", lakini waulizaji wengi hutofautisha kati ya "vitunguu maji" na "vitunguu saumu", na hivyo vya saumu wengine huviita "vitunguu thomu". Zao ambalo Mtanzania analiita "viazi mviringo", Mkenya anaweza kulitafuta kwa jina la "waru". Mtu anayehitaji kitambulisho cha taifa nchini Tanzania huandika "namba ya NIDA", si jina refu la mamlaka inayokitoa. Mkulima ambaye shamba lake limeanza kuharibika hajui jina la ugonjwa, na kama angelijua asingekuwa na haja ya kuuliza. Yeye huandika anachokiona kwa macho: "majani ya vitunguu kukauka ncha". Makala yenye kichwa kinachotaja jina la kisayansi la kimelea peke yake haitakutana na mkulima huyo hata ikiwa na jibu sahihi kuliko zote.

Weka daftari la maswali. Maswali yanayoulizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima, yale anayoulizwa bwana shamba kila wiki, na yale yanayoachwa chini ya video za kilimo, yaandike kama yalivyo, pamoja na maneno yake ya mchanganyiko kama "spacing ya vitunguu". Si lazima uandike makala kwa lugha hiyo ya mchanganyiko. Unaweza kuandika "nafasi kati ya mche na mche" katika maandishi yako yote, kisha ukalitaja lile neno la mitaani mara moja mahali panapostahili, ili anayelitumia ajue amefika.

Kiswahili kina jambo jingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa kufuata Kiingereza hailigusi. Neno letu hubadilika mwanzoni: kitunguu na vitunguu, kulima, unalima, ukilima, mkulima, kilimo. Ni salama zaidi kutumia maumbo hayo yote kwa kawaida yake ndani ya makala kuliko kushikilia umbo moja na kulirudia katika kila sentensi. Kurudiarudia neno moja ili kuidanganya mitambo kumekatazwa na Google kwa miaka mingi, na zaidi ya hayo humchosha msomaji. Ile orodha ya maneno muhimu iliyokuwa ikifichwa ndani ya msimbo wa ukurasa nayo ipuuze; Google ilieleza hadharani mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Hatua ya nne: Andika makala inayomaliza swali

Chukua swali moja kutoka kwenye daftari, uliandikie makala moja. Kabla ya kuanza, litafute swali hilo kwenye Google usome kurasa tano za mwanzo. Jiulize zimeacha nini. Pengine zinataja umbali wa kupandia bila kueleza jinsi ya kuupima bila rula. Pengine zinataja bei za mbegu bila kusema ni za mwaka gani. Pengine zote zimetafsiriwa kutoka makala moja ya Kihindi au ya Kizungu inayozungumzia mbegu zisizouzwa Afrika Mashariki. Mapengo hayo ndiyo makala yako.

Jibu liwe juu. Aliyeuliza miche ya vitunguu huhamishwa lini akute katika aya ya kwanza kwamba huhamishiwa shambani ikiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, inapokaribia unene wa penseli, kisha maelezo ya sababu, ya maandalizi ya shamba na ya umwagiliaji yafuate. Utangulizi wa aya tatu kuhusu umuhimu wa kilimo kwa taifa humfanya arudi kwenye matokeo na kufungua ukurasa wa mwingine.

Makala kuhusu majani kukauka ncha ni mfano mzuri wa jinsi ya kulimaliza swali. Dalili hiyo inaweza kutokana na wadudu wadogo wanaofyonza majani, na ukungu, au na upungufu wa maji. Makala inayotaja dawa moja na kuishia hapo inaweza kumtia mkulima hasara, kwa kuwa dawa ya wadudu haiui ukungu wala haimwagilii shamba. Makala inayostahili kushika nafasi ya juu humwongoza mkulima kupanua majani machanga ya katikati na kutazama kama pana wadudu na mikwaruzo yenye rangi ya fedha, kutafuta madoa yanayoelekea zambarau kwenye majani makubwa, na kukagua unyevu wa udongo kwa kuchimba kidogo, kisha humweleza la kufanya kwa kila hali. Piga picha za majani hayo mwenyewe, shambani, kwa simu. Picha yako ya jani halisi ina thamani kuliko picha kumi za kupakua.

Google huwaelekeza watu wanaoitathminia ubora wa matokeo wazingatie uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu wa aliyeandika. Uzoefu uliongezwa kwenye orodha hiyo mwezi Desemba 2022. Alama za watathmini hao hazipandishi wala hazishushi ukurasa mmoja mmoja, lakini vigezo hivyo vinaonyesha kile ambacho mtambo unajaribu kukitambua. Kwa hiyo weka jina la mwandishi, ukurasa unaomweleza ni nani na amejifunza wapi anachokiandika, na tarehe ambayo makala ilirekebishwa mara ya mwisho. Kwa makala za afya, fedha na sheria, ambazo zinaweza kumdhuru msomaji zikikosewa, mambo haya ni ya lazima, na mtu asiye na ujuzi wa tiba asiandike kuhusu vipimo vya dawa kwa kutafuta wasomaji.

Kunakili makala za magazeti, hata kwa kutaja chanzo, hakujengi blogu, kwa sababu Google ikikuta maandishi yaleyale mahali pengi huchagua nakala moja ya kuonyesha, na mara nyingi itakuwa ya gazeti lenyewe. Vivyo hivyo kwa kutafsiri kwa mashine mamia ya makala na kuyamwaga mtandaoni bila mtu kuyahariri: tangu Machi 2024 sera za Google zimeyataja wazi maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kujipatia nafasi kuwa ni taka, hata yawe yametengenezwa kwa njia gani. Kiswahili kinachotoka humo husomeka vibaya, na kinaichafua lugha yetu mbele ya vijana wanaojifunza kuandika kwa kusoma mtandaoni.

Hatua ya tano: Kichwa, maelezo mafupi na anwani

Kichwa cha makala ndicho mtu anachokiona kwanza katika matokeo. Weka mwanzoni maneno yanayobeba swali, na ukiweza usizidi herufi 60 hivi, kwa kuwa kichwa kirefu hukatwa kwenye skrini. Linganisha "Fursa Iliyojificha: Siri ya Utajiri wa Wakulima Wetu" na "Kilimo cha Vitunguu Maji: Gharama za Heka Moja". Mtu mwenye swali hawezi kujua kwamba kichwa cha kwanza kinamhusu. Google inaweza kukiandika upya kichwa chako inapoona hakilingani na yaliyomo, hivyo ahadi ya kichwa itimizwe ndani.

Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayaongezi nafasi, ila humsaidia mtu kuamua kubofya. Katika Blogger huna budi kwanza kuyawasha kwenye mipangilio, ndipo sehemu ya kuyaandika itokee pembeni mwa kila makala. Andika sentensi mbili, zenye herufi 150 hivi kwa jumla, zinazosema msomaji atapata nini.

Anwani ya makala iwe fupi na isomeke, kwa mfano kilimo-cha-vitunguu-maji, maneno yakitenganishwa kwa vistari. Iandike mwenyewe kabla ya kuchapisha, na usiibadilishe ovyo baada ya hapo. Ndani ya makala, vichwa vidogo viwekwe kwa mtindo wa vichwa uliomo kwenye kihariri, si kwa kukoza wino tu, ili roboti na watu wanaotumia programu za kusomewa maandishi wauone mpangilio.

Ukurasa mmoja uwe wa lugha moja. Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yanayoonekana, na blogu ambayo makala ni ya Kiswahili huku menyu, tarehe na vitufe vyote vikiwa vya Kiingereza huichanganya bila sababu. Badilisha lugha ya mipangilio ili vitufe visomeke "Soma zaidi" na "Maoni". Ukiwa na tafsiri ya Kiingereza ya makala, iweke kwenye anwani yake yenyewe, kisha kurasa hizo mbili zitajane kwa alama ya hreflang, sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza.

Hatua ya sita: Simu na bando la msomaji

Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu, na Google yenyewe sasa husoma tovuti kwa jicho la simu. Mabadiliko hayo yaliyotangazwa mwaka 2016 ilitangaza kuyakamilisha Oktoba 2023. Kitu ambacho hakionekani kwenye simu kihesabu kuwa hakipo. Ipime blogu yako kwenye PageSpeed Insights, zana ya bure ya Google ya kupima kasi ya kurasa. Vigezo vyake vinataka kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke wakati matangazo yanapopakuliwa.

Kwa blogu nyingi mzigo mkubwa ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na megabaiti kadhaa, na msomaji wa kijijini huilipia kwa bando lake. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 au chini, uihifadhi kwa muundo wa WebP kwa kutumia programu ya bure kama Squoosh, na kwa kawaida itashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti. Ipe faili jina linaloeleweka, na ujaze maandishi mbadala kwa sentensi inayoeleza kilichomo: "Majani ya kitunguu yaliyokauka ncha kutokana na wadudu". Maandishi hayo humsaidia asiyeona, na humsaidia pia anayetafuta kwa picha. Ondoa vilevile saa zinazotembea, vihesabu vya wageni na madirisha yanayoruka mbele ya msomaji kabla hajasoma sentensi ya kwanza.

Hatua ya saba: Viungo vya ndani na vya nje

Makala zako ziongozane. Tengeneza ukurasa mmoja mkuu kuhusu kilimo cha vitunguu tangu kitalu hadi sokoni, na kutoka hapo uweke viungo vinavyokwenda kwenye makala ya mbegu, ya wadudu, ya uhifadhi na ya ufungashaji wa magunia bila lumbesa. Kila moja ya hizo nayo irudishe kiungo kwenye ukurasa mkuu. Maneno yaliyobebeshwa kiungo yaseme kilichoko mbele. "Bofya hapa" haimwambii roboti wala msomaji chochote, lakini "namna ya kuhifadhi vitunguu ghalani" inajieleza.

Viungo kutoka tovuti za watu wengine vina uzito mkubwa, na wazo hilo ndilo Larry Page na Sergey Brin walilolijengea Google mwaka 1998: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zinazoheshimika huenda una jambo la maana. Kwa sababu hiyohiyo viungo vimekuwa biashara, na Google ilianza kuwaadhibu wanaovinunua kwa ukali zaidi mwaka 2012. Usinunue. Andika kitu ambacho wengine watahitaji kukitaja: jedwali la gharama ulilolikusanya mwenyewe, kalenda ya kilimo ya wilaya yako, kamusi ndogo ya majina ya wadudu kwa lugha za mahali. Kisha uwaandikie walimu wa vyuo vya kilimo, vyama vya ushirika na wenye blogu wenzako uwajulishe kwamba kipo. Kiungo unacholipwa kukiweka kwenye blogu yako kipe alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba kimelipiwa.

Hatua ya nane: Soma takwimu, kisha urekebishe

Ipe makala miezi michache kabla ya kuihukumu. Halafu fungua ripoti ya utendaji katika Search Console, inayohifadhi takwimu za miezi 16, uchague ukurasa mmoja na kutazama maneno yaliyoufanya uonyeshwe. Makala zinazoshika wastani wa nafasi ya 8 hadi 20 ndizo za kuanza nazo, kwa sababu Google imekwisha kukubali kwamba zinahusika. Mara nyingi utakuta huko swali ambalo hukulifikiria, tuseme "vitunguu vinachukua muda gani kukomaa", likionyesha ukurasa wako bila kubofywa; liongezee kichwa kidogo na jibu kamili ndani ya makala. Ukurasa unaoonyeshwa mara nyingi katika nafasi nzuri na kubofywa mara chache unahitaji kichwa kipya. Kubadilisha tarehe peke yake bila kubadilisha maandishi hakuna faida.

Mwisho, angalia kama makala mbili zako zinatokea kwa swali lilelile, jambo la kawaida kwenye blogu iliyoandika kuhusu vitunguu kila msimu. Chagua iliyo bora, uihamishie yote mazuri ya ile nyingine, kisha uielekeze anwani ya zamani kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ambao Blogger inao ndani ya mipangilio yake na WordPress huupata kwa programu-jalizi. Uache uelekezaji huo ufanye kazi kwa mwaka mmoja angalau, na viungo vyote vya ndani vilivyokuwa vikienda kwenye anwani ya zamani uvibadilishe viende moja kwa moja kwenye mpya.